Matabishi ya Maman Prof

Ukikutana na Maman Prof sokoni Kadutu, hapa Bukavu, asubuhi, usimsalimie kabla hajamaliza kupima. Alikuwa anasimama mbele ya muuza maharagwe, mkoba umebanwa kwapani, akimwomba yule mama ajaze kopo, amwage, kisha ajaze tena. Wauzaji walimjua. Wengine walimwita kichaa kwa upendo, wengine walimwita hivyo bila upendo wowote. Yeye alitoa mkobani mizani ndogo ya jikoni, ile ya betri, akaiweka katikati ya mafungu ya nyanya, akasema kwa sauti ileile aliyotumia darasani: "Maman, tuone kama mukono yako ya leo iko sawa na ya jana."

Kopo lenyewe kila mtu wa kwetu analijua. Ni lile la maziwa ya unga ya watoto wachanga. Maziwa yakiisha, kopo linaanza maisha yake ya kweli: mchele, maharagwe, unga wa mihogo, karanga, vyote vinauzwa kwa kopo. Hakuna anayeuliza kilo. Kopo likijaa, muuzaji anaongeza kiganja kimoja juu, na hicho kiganja tunakiita matabishi. Muuzaji asiyetoa matabishi hapati mteja mara ya pili.

Maman Prof alitufundisha hesabu katika shule moja ya sekondari kule Bagira. Wanafunzi, wazazi wa wanafunzi, hata padri wa parokia, wote walimwita Maman Prof, yaani Mama Mwalimu, nami sitamwita vingine hapa. Alikuwa mwanamke mrefu mwenye bega moja lililoinuka kidogo kuliko lingine, kwa sababu ya miaka mingi ya kuandika ubaoni, alivyodai. Ukisimama kujibu swali ukaanza na "karibu…", alikukata hapohapo.

"Karibu ni jirani," alisema. "Siyo jibu."

Darasa zima lilicheka kila mara, naye alingoja kicheko kiishe, chaki mkononi, mpaka utoe namba.

Lakini jikoni kwake usiniulize. Mwanamke huyu aliyepima maharagwe ya watu wote wa Kadutu hakuwahi kupima chumvi yake mwenyewe. Sombe yake, yale majani ya mihogo, ilikuwa leo kama maji ya mto, kesho kama bahari. Nilimwuliza siku moja kwa nini hatumii hata kijiko. Alinitazama kana kwamba nimemtukana. "Ile ni chakula," akasema. "Njo inapikwa na roho." Vivyo hivyo kwa saa. Mwanafunzi aliyechelewa alibaki nje mpaka kipindi kiishe, ila yeye mwenyewe sijawahi kumwona akifika misani kabla ya injili. Aliingia kwa mlango wa pembeni, akiinamisha kichwa, na kukaa nyuma pamoja na akina mama wenye watoto wachanga.

Kompyuta alijifunza ukubwani, tayari akiwa na wajukuu. Aliandika kwa kidole kimoja cha kila mkono, na alizungumza na mashine kwa lugha tatu: aliigombeza kwa Kifaransa, akaielekeza kwa Kiswahili, na ilipokubali alichotaka, aliishukuru kwa Mashi. Mimi nilikuwa nimemaliza shule zamani, nikifanya kazi kwenye sekretaria moja karibu na Nyawera, chumba cha kuchapa kazi za watu na kutoa fotokopi. Tulikuwa na umeme wa sola na mtandao ulioeleweka, kwa hiyo Maman Prof alihamia kwetu kila Jumamosi. Alichagua meza ya dirishani na kuigeuza kuwa yake. Wateja walidhani ndiye mwenye duka.

Hapo ndipo aliponionyesha ile lugha. Ni lugha ya kompyuta ya kufanyia hesabu na takwimu. Haiuzwi, ni programu huria, na mtu yeyote anaweza kuifungua aone ilivyotengenezwa ndani. Lakini kilichomfanya asilale, kama alivyosema mwenyewe, ni vifurushi. Mtu akiwa na shida yake, anaandika msimbo wa kuitatua, anaufunga pamoja na maelezo na majaribio ya kuonyesha kwamba unafanya kazi, kisha anautuma kwenye ghala la pamoja. Wahakiki wa kujitolea wanausoma. Ukikubaliwa, mtu wa Bukavu na mtu wa upande wa pili wa dunia wanauchukua kwa amri moja tu, bila kuomba ruhusa ya yeyote.

"Unaelewa?" aliniambia, na vidole vyake viwili vilikuwa vinapigapiga meza. "Kuko daktari, kuko mukulima, kuko mutu wa samaki. Kila mutu ameleta yake. Ni kama soko, lakini hakuna mwenye kufunga duka."

"Na wewe utaleta nini, Maman Prof?"

"Bado," akasema. "Sijapata shida yenye kunistahili."

Shida ililetwa na Nsimire. Nsimire alikuwa mwanafunzi mwenzangu, siku hizo akifanya kazi ya lishe kwenye vituo vya afya. Siku moja aliingia sekretaria na bahasha mkononi na uso wa mtu aliyetoka kugombana. Shirika moja lililokuwa likigawa unga wa uji kwa watoto wadogo katika vijiji vya bonde la Ruzizi lilikuwa limefanya uchunguzi. Waliwauliza akina mama wanapika makopo mangapi kwa siku, wakageuza makopo kuwa gramu, wakakuta kwamba watoto wa upande wa Luberizi wanakula vya kutosha. Kwa hiyo unga wa uji kule ungekatwa.

"Nimetoka kule," Nsimire alisema. "Nimeshika mikono ya bale batoto. Haiko mikono ya batoto benye kushiba."

Maman Prof aliomba karatasi. Alisoma akiwa amesimama, midomo ikitembea. Kisha akarudi ukurasa mmoja nyuma, akasoma tena mstari mmoja, akaketi taratibu.

"Bamepima kopo ya muchele," akasema. "Kisha bakatumia uzito ile ile kwa kila kitu."

Nsimire hakuelewa mara moja. Wala mimi. Maman Prof akanituma jikoni kwa jirani kuomba kopo la mchele na kopo la unga wa mihogo. Aliyapima mbele yetu kwenye mizani yake ya betri. Unga wa mihogo ni mwepesi. Kopo lake halikufika hata karibu na la mchele. Na Luberizi, ingawa wanalima mpunga, mpunga ule unauzwa. Nyumbani wanapika bugali, ugali wa unga wa mihogo. Kila kopo la unga lilikuwa limeandikwa kana kwamba ni kopo la mchele, na njaa ya watoto ikapotea katikati ya hesabu.

Nsimire alikuwa ameziba mdomo kwa mkono. Maman Prof akafunga bahasha, akamrudishia.

"Sasa nimepata," akasema, na sauti yake ilikuwa na furaha ambayo kwa mtu mwingine ningeiona aibu. Kwake niliielewa. Alikuwa kama mtu aliyeonyeshwa mwizi kwenye kundi la watu.

Kifurushi kiliitwa "kopo". Kazi yake ilieleweka hata na mimi: unakiambia ni chakula gani, kimepimwa kwa chombo gani, wapi, nacho kinakupa gramu. Kukiandika haikuwa tabu kubwa. Tabu ilikuwa kupata ukweli wa kukiweka ndani, na ukweli huo haukuwa wa mtu mmoja. Maman Prof alituma ujumbe kwa kila mwanafunzi aliyepita mikononi mwake na ambaye namba yake bado ilishika. Alikuwa na wanafunzi kila mahali, kama mbegu za mapapai. Aliwaomba kitu kimoja: tafuta mizani, nenda soko la kwenu, pima, andika jinsi ulivyopima, mwombe mtu mwingine apime tena bila kumwambia ulichopata.

Majibu yalianza kuja, na siku zile sekretaria yetu ilikuwa kama chumba cha redio wakati wa uchaguzi. Heri, mwalimu wa shule ya msingi Luberizi, aliandika kwamba mchele uliokobolewa kutoka mpunga usiokauka vizuri unazidi kwa uzito ule uliokauka, kwa hiyo lazima kifurushi kijue msimu. Mwanamke mmoja anayeuza unga Kamituga, katikati ya wachimba dhahabu, alirekodi sauti, kwa kuwa kuandika hakukumpendeza. Maman Prof aliicheza kwa sauti kubwa mbele ya wateja wote.

"Maman Prof, huku kopo iko na tumbo ndani," ilisema ile sauti. "Ba commerçant, bale benye kuuza, banagonga chini na nyundo, chini inapanda. Kwa macho ni kopo ile ile. Ukimwanga maji utaona. Tena miye yangu haiko na tumbo, uandike vile."

Maman Prof alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akaandika: Kamituga, kopo lililogongwa. Kamituga, kopo zima. Alimwandika yule mama kama mchangiaji, jina lake kamili, kwenye orodha ya walioshiriki. Nilimwuliza kama inafaa, mtu ambaye hakuandika hata mstari mmoja wa msimbo.

"Nani ameleta ukweli?" aliniuliza. "Miye nimeleta virgule na nukta tu."

Siku ya kutuma ilifika. Kabla ya kumfikia mhakiki, kifurushi hupimwa na mashine, nayo ilikirudisha na makosa mengi kuliko daftari la mwanafunzi mvivu: maelezo yanakosekana hapa, jaribio limeanguka pale, leseni haijaandikwa. Maman Prof alisahihisha moja baada ya jingine, akiguna. Mashine iliporidhika, akaja mhakiki, mtu wa nchi ya mbali ambaye hatukuwahi kujua sura yake. Aliandika kwa Kiingereza, na Nsimire, aliyesoma kidogo Kampala, alitutafsiria. Mhakiki alisifu kazi. Kisha akauliza maswali. Namba hizi zinaweza kuhakikiwaje na mtu asiyefika huko? Kwa nini kipimo kimoja kina majibu tofauti kwa miji tofauti? Na hili neno "matabishi", ambalo mtumiaji anatakiwa kusema kama lipo au halipo, lina maana gani? Je, haingekuwa bora kuliondoa, ili kifurushi kiwe rahisi?

Sijawahi kumwona amekasirika vile. Alisimama, akatembea mpaka mlangoni, akarudi. Aliandika jibu refu kwa Kifaransa ambalo Nsimire alikataa kulitafsiri.

"Maman Prof, hii siwezi kutuma."

"Tuma."

"Umemuita mutu mwenye hajawahi kununua chakula."

"Ni kweli ao siyo kweli?"

"Sijui. Na wewe hujui. Hatujamupima."

Hilo lilimkamata. Aliketi. Akafuta kila kitu. Akaomba chai, akainywa yote, kisha akaamuru Nsimire aandike anachosema. Nakumbuka maneno yale kwa sababu bado yamo ndani ya maelezo ya kifurushi, mtu yeyote anaweza kuyasoma: "Matabishi ni kile muuzaji anachoongeza baada ya kipimo kujaa, kwa sababu mnunuzi ni mtu na yeye ni mtu. Kinaingia chunguni. Kinapikwa. Kwa hiyo kinahesabiwa." Kwa swali la kwanza aliongeza picha za kila chombo na namna ya kupima, hatua kwa hatua, ili anayetilia shaka apime mwenyewe kwa kopo lake.

Tulingoja. Maman Prof alikuja hata siku zisizo Jumamosi, akidai amepita tu. Siku jibu lilipokuja mvua ilikuwa inanyesha, maji ya mteremko yakipita mbele ya mlango na udongo mwekundu, na duka lilikuwa limejaa watu waliojificha. Nsimire alisoma kimya kwanza. Nikamwona anatabasamu kabla hajafika mwisho.

"Amekubali," akasema. "Anasema matabishi ibaki. Anasema hata kwao, bibi yake alikuwa anauza maziwa, na alikuwa anaongeza."

Maman Prof hakupiga kelele. Alishika mkono wa mtu aliyekuwa karibu naye, mwanaume mmoja aliyeingia kukwepa mvua tu na gunia lake la makaa, akautikisa kwa nguvu. "Papa, iko ya batu bote sasa," alimwambia. Yule papa akamjibu kwa adabu kwamba Mungu asifiwe, bila kujua tunazungumzia nini. Kisha Maman Prof akaniambia niandike jina la kifurushi kwenye kompyuta nyingine, mpya, ambayo haikuwahi kukiona. Niliandika amri. Kikashuka kutoka ghalani kama vile kingeshuka kwa mtu yeyote. Tulikitazama kikifika, watu wazima watatu, tukiwa tumeinamia kioo kama watoto wanaoangalia yai likipasuka.

Nsimire alirudia hesabu zote za Luberizi kwa kifurushi, akazipeleka ofisini kwa lile shirika. Alituambia mkuu wa kazi aliuliza kifurushi kinapatikana wapi. "Nikamuambia haombi mutu," Nsimire alisema. "Aandike jina, itakuja." Unga wa uji haukukatwa. Baadaye kidogo uliongezwa. Heri alitutumia picha ya foleni ya akina mama mbele ya kituo cha afya, na watoto migongoni, na Maman Prof akaiweka kwenye simu yake mahali ambapo watu wengine huweka picha ya harusi.

Halafu, kitu ambacho hatukukitarajia kabisa: wageni. Mwanamke wa nchi ya milima, ng'ambo ya bahari, aliandika kwamba kwao pia sokoni wanauza kwa kopo, na kwao pia kiganja cha juu kina jina lake. Aliomba kuongeza masoko ya kwao. Maman Prof alimsomea kila aliyeingia dukani ujumbe ule, hata waliokuja kutoa fotokopi ya kitambulisho. Akamjibu siku hiyohiyo, akamsahihisha makosa mawili, akampokea. "Iko na mukono muzuri," alituambia, kana kwamba amemwona akimimina.

Nikiishia hapa nitakuwa nimemchora mtakatifu, naye angenikasirikia.

Kila kifurushi ghalani kina mlezi, mtu mmoja anayejibu maswali na kurekebisha mambo yanapoharibika. Lugha yenyewe ikibadilika, vifurushi vinaweza kuvunjika, na mlezi hupewa muda wa kurekebisha. Asipojibu, kifurushi kinaondolewa. Onyo la namna hiyo lilikuja wakati mbaya kuliko wote. Ulikuwa ule mwaka wa vita ambao mji wetu ulizuia pumzi. Risasi zilisikika, shule zilifunga, mtandao ulikatika, sekretaria yetu ilikuwa na kufuli. Maman Prof alikuwa amejifungia nyumbani na wajukuu. Hakuna kati yetu aliyejua kwamba "kopo" liko mbioni kutolewa.

Aliyejua ni Heri. Alikuwa amehamishia familia yake Kamanyola, na pale, ukipanda sehemu fulani, simu inashika mtandao wa nchi jirani. Aliona onyo kwenye ukurasa wa kifurushi. Hakuwa mlezi, mlezi alikuwa Maman Prof. Alikuwa ametuma marekebisho madogo tu kabla ya hapo. Lakini alikaa kwenye jiwe na kompyuta magotini, akarekebisha kilichovunjika, akawaandikia wasimamizi wa ghala kueleza kwa nini mlezi hajibu, akaomba wakipokee kwa niaba yake. Wakapokea. Alipokuwa akirekebisha, alikuta pia kwamba beseni la Kamanyola, chombo cha kupimia cha soko la kule, lilikuwa limeingizwa vibaya tangu mwanzo: beseni kubwa limeandikwa dogo. Akalisahihisha.

Mtandao uliporudi, nilimpelekea Maman Prof habari hizo nyumbani kwake, nikidhani nampelekea zawadi. Alisoma mabadiliko ya Heri mstari kwa mstari. Uso wake ulikuwa mgumu.

"Nani alimuambia aguse beseni?"

"Maman Prof, ilikuwa na kosa."

"Nimeuliza nani alimuambia."

Mwanamke yule aliyemwambia mtu wa makaa kwamba kifurushi ni cha watu wote alikuwa amekasirika kwa sababu mmoja wa watu wote alikuwa amekigusa. Aliikunja miwani, akaikunjua. Alisema Heri angepaswa kungoja. Alisema beseni alilipima yeye mwenyewe, kwa mikono hii. Nilimwacha akiwa ameketi na mgongo wake umenigeukia, nikashuka ngazi za udongo za mtaa wao nikiwa na huzuni ambayo sikuitarajia.

Baada ya siku chache alipanda gari la Kamanyola. Hakumwambia mtu. Nsimire ndiye aliyenisimulia, kwa kuwa Heri alimsimulia. Maman Prof alishuka, akaenda sokoni moja kwa moja, akaomba beseni, akapima. Akapima kwa muuzaji mwingine. Kisha akamtafuta Heri, akamkuta anafundisha kundi la watoto kwenye ua wa kanisa, akakaa nyuma mpaka wamalize.

"Beseni ni yako," alimwambia. "Na kifurushi pia. Kuanzia leo uko mulezi."

Heri alijaribu kukataa. Alimwambia yeye ni mwalimu wa shule ya msingi, hajasoma mambo ya kompyuta, watu wa mbali hawatamheshimu.

"Batakuheshimu vile unajibu," akasema. "Ukijibu vibaya, batakuambia. Njo muzuri yake."

Wakaandika barua kwa ghala papo hapo, wote wawili, jina moja likitoka na jingine likiingia.

Nilimwona mara ya mwisho kipindi cha mavuno ya mpunga. Nilikuwa nimeteremka Luberizi na Nsimire kwa kazi ya kituo cha afya, na barabarani mpunga ulikuwa umeanikwa kwenye maturubai pande zote mbili, kuku wakifukuzwa na fimbo. Maman Prof alikuwa kule kwa wiki nzima, tulielezwa, mgeni wa mke wa Heri, kwani familia ilikuwa imerudi nyumbani. Tulimkuta amekaa kwenye benchi mbele ya kituo, kati ya akina mama waliosubiri kupimwa watoto wao. Alikuwa amepungua. Alikuwa ameshika simu kwa mikono yote miwili. Bega lake bado lilikuwa limeinuka.

Alituona, hakusalimia. Alinyoosha simu kuelekea kwangu.

"Soma," akasema.

Nilisoma. Ilikuwa ni kurasa za kifurushi. Maman Prof alikuwa ametuma mchango wake, kama mtu yeyote, namna mpya ya kuhesabu chakula cha mtoto anayekula sahani moja na ndugu zake. Alikuwa ameifanyia kazi miezi mingi. Nsimire alijua, mimi sikujua. Chini yake kulikuwa na jibu la Heri. Lilikuwa na heshima yote: lilianza na "Mama yetu mpendwa". Kisha likakataa. Heri alieleza kwamba njia hiyo inadhani watoto wote wanakula kwa kasi moja, na kwamba yeye amekaa na familia nyingi akaona mdogo anaachwa nyuma. Aliomba majaribio zaidi, akataja kaya ambazo zimekubali kusaidia.

Niliinua macho nikitafuta hasira usoni mwake. Nilimkumbuka akiwa amenipa mgongo.

"Amenikatalia," Maman Prof alisema. Macho yake yalikuwa yanang'aa. Aliwageukia akina mama wa benchi, ambao wote tayari walikuwa wamesikia habari hiyo asubuhi hiyo, nadhani zaidi ya mara moja, akawaambia tena. "Miye, mwenye kuianzisha. Amenikatalia na sababu."

"Na sababu ni za kweli?" Nsimire akauliza.

"Za kweli kabisa." Alisimama, akajishika kwenye ukuta kwanza, kisha akauachia. "Twende. Iko mama moya kule nyuma ya kanisa, anapika sasa. Nataka kuona ule mudogo anakula namna gani."